Sura ya Nne: Msumbiji na Ugaidi Uliofadhiliwa na Dola

Katika maovu yote ambayo dola yaweza kumtendea jirani yake, ni machache yanayolingana na kumlisha, kumvisha na kumpa silaha mtu wa nchi ya jirani huyo ili arudi kwao akawaue ndugu zake, kisha dola hiyo ikasimama mbele ya mataifa na kukana kwamba inamjua. Vita vya dhahiri, pamoja na ubaya wake wote, vina aliyevitangaza na vina wa kuulizwa habari zake. Bali ugaidi unaofadhiliwa na dola humficha mwenye shauri nyuma ya mtumwa wake, hata aliyedhulumiwa asijue amshtaki nani, na walimwengu walio mbali wakadhani kwamba watu wale wameamua tu kuchinjana. Hivyo ndivyo ilivyodhaniwa na wengi juu ya Msumbiji tangu mwaka 1976 hata 1992, muda ambao yakadiriwa kuwa watu wapatao milioni moja walikufa kwa silaha, kwa njaa na kwa maradhi yaliyoletwa na vita, na mamilioni wengine wakayahama makazi yao.

Nasadiki, na katika sura hii nitajitahidi kuthibitisha, kwamba ugaidi wa namna hii hauzuki kwa chuki ya mtu mmoja wala kwa tabia ya kabila fulani. Huzuka pale yanapokutana mambo matatu: dola yenye nguvu na hofu, ambayo haina haki ya kujibia hoja ya jirani yake, jamii iliyojeruhiwa na utawala wa kigeni kwa muda mrefu, na serikali changa ambayo, kwa haraka yake ya kujenga, inawavunjia heshima baadhi ya raia wake. Dola hiyo ndiyo yenye hatia; lakini lau si majeraha ya jamii na makosa ya serikali, fedha na bunduki zake zisingefika mbali.

Urithi wa Wareno

Vasco da Gama alipita pwani ya Msumbiji mwaka 1498, na bendera ya Ureno ikashushwa mwaka 1975. Walakini katika karne hizo zote Wareno walikuwa zaidi watu wa ngome na bandari, na bara hawakulitawala barabara ila tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa. Hata hapo, kwa kuwa hazina yao ilikuwa maskini, sehemu kubwa za nchi walizikabidhi kwa makampuni yenye ruhusa ya kutoza kodi na kuwashurutisha watu kufanya kazi. Kazi hiyo ya shuruti, ambayo wenyeji waliiita chibalo, ilimtoa mwanamume nyumbani kwake akalime miwa au atengeneze barabara kwa ujira usiofaa kitu, na huko kaskazini familia nzima zililazimishwa kulima pamba katika ardhi ambayo ingewapa mtama na muhogo. Aliyesimamia shuruti hiyo kijijini aghalabu alikuwa mfalme mdogo wa kienyeji aliyethibitishwa na Wareno, na mtu huyo tutarudi kumtazama, maana suala la heshima yake lilikuja kuwa na uzito mkubwa.

Kusini, katika majimbo ya Gaza na Inhambane, vijana walikwenda kwa maelfu kila mwaka kuchimba dhahabu Afrika Kusini, na sehemu ya mishahara yao ikalipwa kwa serikali ya Ureno. Reli hazikujengwa kuiunganisha kaskazini ya nchi na kusini, bali kila moja ilitoka bandarini ikaenda magharibi, ya Lourenço Marques, ndiyo Maputo ya leo, kwa ajili ya Johannesburg, na ya Beira kwa ajili ya Rhodesia. Kwa hiyo nchi ile iliumbwa iwatumikie jirani zake, na siku ilipotaka kuacha utumishi huo, jirani hao waliiona hatua hiyo kuwa ni uasi.

Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni, 1962, chini ya uongozi wa Eduardo Mondlane, na tarehe 25 Septemba, 1964, vita vya ukombozi vikaanza katika jimbo la Cabo Delgado, kusini tu ya mto Ruvuma. Wasomaji wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuambiwa habari za miaka ile, maana wakimbizi walivuka mto wakapokewa kwao, na wapiganaji walipata mafunzo Nachingwea. Mondlane mwenyewe aliuawa mjini Dar es Salaam tarehe 3 Februari, 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha posta. Lakini vita vile viliacha urithi mwingine ambao haukutazamwa vya kutosha wakati wa shangwe: Wareno walikuwa wamewaandikisha maelfu ya Waafrika katika majeshi yao, na polisi yao ya siri, PIDE, ilikuwa na vikosi vyake vya wenyeji vilivyoitwa Flechas. Serikali ya Lisbon ilipopinduliwa tarehe 25 Aprili, 1974, watu hao walibaki bila ya bwana, wakiogopa kisasi, na ng'ambo ya mpaka kulikuwa na mwingine aliyekuwa tayari kuwaajiri.

Hofu ya Salisbury

Mwingine huyo alikuwa serikali ya walowezi wa Rhodesia, ambayo chini ya Ian Smith ilijitangazia uhuru wake tarehe 11 Novemba, 1965, ili Waafrika walio wengi wasipate kutawala. Kwa miaka kumi Msumbiji ya Wareno ilikuwa mlango wake wa bahari na ukuta wake wa mashariki. Kwa uhuru wa mwaka 1975 mlango na ukuta vyote vikawa mikononi mwa Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO na rais wa Msumbiji. Mwezi wa Machi 1976 Machel aliufunga mpaka kwa kutii vikwazo vya Umoja wa Mataifa, ingawa jambo hilo liliinyima nchi yake mapato makubwa ya bandari na reli, na akawaruhusu wapiganaji wa Zimbabwe kuweka kambi katika ardhi yake.

Salisbury, mji mkuu wa Rhodesia, haikuwa na hoja ya kujibu. Haikuweza kuwaambia walimwengu kwamba walowezi wachache wana haki ya kuwatawala mamilioni. Na kwa kuwa haikuweza kuishinda fikra ya jirani yake, ilikusudia kuiharibu nyumba yake. Idara ya ujasusi ya Rhodesia, iliyoongozwa na Ken Flower, iliwakusanya waliokimbia Msumbiji, wakiwamo askari wa zamani wa Wareno, na katika mwaka 1976 ikaanzisha redio iliyojiita Sauti ya Afrika Huru, iliyotangaza kuelekea Msumbiji ikimtukana Machel na chama chake. Katika mwaka huo pia alifika Rhodesia André Matsangaissa, askari wa zamani wa FRELIMO aliyekuwa ametiwa katika kambi ya kufundishwa upya kwa tuhuma za wizi, akatoroka. Kwa mtu huyo na wenzake kikaundwa kikosi ambacho baadaye kilijulikana kwa jina la RENAMO, kikafunzwa Odzi, karibu na mpaka, kiwe macho na masikio ya Rhodesia na kuwasumbua wapiganaji wa Zimbabwe kutoka nyuma. Flower mwenyewe, katika kumbukumbu zake alizozichapisha mwaka 1987, alikiri kwamba idara yake ndiyo iliyokizaa.

Matsangaissa aliuawa Gorongosa mwezi wa Oktoba 1979, na uongozi ukamwangukia Afonso Dhlakama. Miezi miwili baadaye ulitiwa sahihi mkataba wa Lancaster House, na tarehe 18 Aprili, 1980, Zimbabwe ikawa huru. Kwa hesabu ya kawaida mambo yangeishia hapo, maana aliyekianzisha kikosi kile alikuwa ameondoka madarakani na waliosalia hawakuwa wengi. Hayakuishia hapo, na kisa cha kutoishia ndicho kitovu cha habari hii.

Pretoria yachukua urithi

Kabla bendera ya Zimbabwe haijapandishwa, watu wa RENAMO, pamoja na redio yao, walihamishiwa Afrika Kusini, wakawekwa karibu na Phalaborwa katika Transvaal ya kaskazini, chini ya idara ya ujasusi wa kijeshi. Utawala wa P.W. Botha huko Pretoria uliamini kwamba unashambuliwa kutoka kila upande, na kwa hiyo ukajiwekea mkakati wa kutumia uchumi, propaganda, diplomasia na silaha kwa pamoja ili nchi jirani zisiweze kuwasaidia wapinzani wa ubaguzi wa rangi. Palikuwa na sababu ya pili ambayo haikusemwa kwa sauti. Mwaka 1980 nchi tisa, Tanzania ikiwa mojawapo, ziliunda shirika la SADCC zikikusudia kupunguza utegemezi wao kwa Afrika Kusini, na tumaini lao lilikuwa juu ya bandari za Msumbiji. Reli ya Beira ikifanya kazi, Zimbabwe na Zambia zingesafirisha bidhaa zao bila ya kumwomba ruhusa kaburu. Reli ya Beira ikivunjwa, zingelazimika kurudi kwenye bandari zake na kulipa ushuru wake.

Kwa hiyo tusidhani kwamba daraja lililovunjwa na treni iliyopinduliwa yalikuwa matendo ya watu wasiojua watendalo. Palikuwa na ramani na shabaha. Pale ambapo mtumwa hakutosha, bwana alikwenda mwenyewe: tarehe 30 Januari, 1981, makomando wa Afrika Kusini walizishambulia nyumba za wanachama wa ANC, chama kilichopigana na ubaguzi wa rangi, huko Matola, tarehe 17 Agosti, 1982, mwandishi na mwanachuoni Ruth First aliuawa kwa bomu la barua katika Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo matangi ya mafuta ya Beira yaliteketezwa.

Mfadhili huyu hakutaka ushindi, na hilo ndilo jambo la kuzingatia kuliko yote. RENAMO kwa miaka mingi haikuwa na siasa ya kueleweka, wala haikujenga utawala wa kuwavuta watu katika sehemu nyingi ilizozishika, kwa sababu kazi iliyopewa haikuwa kutawala bali kuhakikisha kwamba hakuna awezaye kutawala. Serikali mpya huko Maputo, hata kama ingekuwa rafiki, ingekuwa na gharama na matatizo yake. Nchi iliyo magofu ilitosha kuwa onyo kwa wote, na ilitosha kuwaambia Waafrika wa Soweto kwamba haya ndiyo matunda ya kutawaliwa na watu weusi.

Namna hofu ilivyofanya kazi

Mwezi wa Aprili 1988 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo haikuwa na sababu ya kuipendelea serikali ya Kimarx ya FRELIMO, ilitoa ripoti ya Robert Gersony, aliyewahoji wakimbizi na watu waliohama makwao karibu mia mbili katika kambi ishirini na tano. Alikadiria kwamba huenda raia laki moja walikuwa wameuawa na RENAMO, na akaeleza kwamba maeneo yaliyofikiwa nao yalikuwa ya aina tatu: ya kutozwa, ambako wanakijiji waliotawanyika walidaiwa chakula na kubebeshwa mizigo, ya kutawaliwa, ambako watu walikuwa mateka wanaolima kwa ajili ya askari, na ya kuangamizwa, ambako kijiji kilishambuliwa mpaka kisikalike tena.

Walichokivunja kwanza aghalabu kilikuwa shule na zahanati, na hilo lina maana yake. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, nchi ambayo zaidi ya watu tisini katika mia hawakujua kusoma ilikuwa imefungua madarasa hata chini ya miembe, na kampeni ya chanjo ilikuwa imefika vijiji ambavyo havijapata kumwona mganga wa serikali. Mwalimu na muuguzi ndio waliokuwa ushahidi kwamba uhuru una faida. Kwa hiyo mwalimu na muuguzi ndio waliotafutwa. Wengine walikatwa masikio, pua au midomo wakaachwa hai, ili kila awaonaye ahadithie. Wavulana walitekwa wakashurutishwa kuua, mara nyingine katika kijiji chao wenyewe, hata wasiwe na pa kurudi. Tarehe 18 Julai, 1987, katika mji wa Homoine, jimbo la Inhambane, watu 424 waliuawa, na miongoni mwao walikuwamo wagonjwa waliokuwa vitandani hospitalini.

Ukatili huu haukuwa wazimu. Jeshi dogo lisilo na mapenzi ya watu haliwezi kuwalinda wala kuwashawishi. Lililo katika uwezo wake ni kuwafanya waogope kupita kiasi cha kutafakari. Na kwa kuwa chakula chake kilitoka kwa wanakijiji kwa nguvu na silaha zake zilishuka kutoka mbinguni kwa ndege za mfadhili, halikuwa na haja ya kupendwa. Jeshi la ukombozi hulazimika kuchunga adabu yake kwa sababu huishi kwa hisani ya wakulima. Linaloishi kwa hisani ya ofisi iliyo nchi nyingine halina sharti hilo.

Ufa wa ndani

Hata hivyo, mwandishi anayependa haki hawezi kuishia kumlaumu mgeni. Kikosi kilichokuwa na watu mamia kadhaa mwaka 1980 hakikuenea karibu majimbo yote ya nchi kwa ndege na redio peke yake. Kilipita katika ufa uliokuwapo.

FRELIMO ilishika nchi maskini mno. Wareno walio wengi katika wale laki mbili na zaidi walikuwa wameondoka, wengine wakiharibu mitambo kabla ya kupanda meli. Wachimba migodi walioruhusiwa kwenda Afrika Kusini walipunguzwa ghafula na Pretoria, kutoka zaidi ya laki moja mwaka 1975 hata chini ya nusu ya idadi hiyo, na vijana wa kusini wakabaki bila ya riziki. Katika dhiki hiyo chama kilijitangaza mwaka 1977 kuwa cha Kimarx na Kileninisti, kikaanza kuigeuza jamii kwa amri. Wakulima walihamishwa kutoka mashamba ya mababu zao wakakusanywa katika vijiji vya jumuiya, wengi bila ya hiari. Wafalme wadogo wa kienyeji walivuliwa madaraka kwa kuwa walimtumikia Mreno. Na ni kweli walimtumikia, lakini wao pia ndio walioamua magomvi ya ardhi na kuomba mvua kwa niaba ya watu wao, na aliyepewa nafasi yao mara nyingi alikuwa kijana aliyetumwa kutoka mjini. Dini zilibanwa, matambiko yakaitwa ujinga, na mwaka 1983 maelfu ya watu wa mijini walioonekana hawana kazi walikamatwa na kupelekwa Niassa, jimbo la mbali kaskazini, wengi wao bila ya kuwaaga jamaa zao. Mwaka huo huo ukame na njaa viliwaua watu wengi sana.

Mtaalamu wa Kifaransa Christian Geffray, aliyefanya utafiti katika wilaya ya Eráti, jimbo la Nampula, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1990 jinsi wazee waliodhalilishwa walivyoipokea RENAMO, si kwa kuipenda, bali kwa kuiona njia ya kuondokana na dola iliyowakana. Walipopata kuona waliyemkaribisha ni nani, walikuwa wamekwisha kuwa mateka wake. Dhulma ndogo ya nyumbani ilifungua mlango kwa dhulma kubwa ya nje.

Ushahidi na mwisho wake

Tarehe 16 Machi, 1984, Machel, akiwa amebanwa na njaa na vita, alitia sahihi pamoja na Botha mkataba wa Nkomati, ambao kwao Msumbiji iliahidi kutowapa ANC nafasi ya kushambulia na Afrika Kusini ikaahidi kuiacha RENAMO. Msumbiji ilitimiza. Tarehe 28 Agosti, 1985, majeshi ya Msumbiji na Zimbabwe yaliiteka kambi kuu ya RENAMO huko Gorongosa, yakakuta humo shajara na barua zilizoeleza jinsi silaha zilivyoendelea kuletwa baada ya mkataba, hata waziri wa mambo ya nje wa Afrika Kusini akalazimika kukiri, ingawa kwa maneno ya kupunguza, kwamba ahadi ilivunjwa. Mwaka uliofuata, tarehe 19 Oktoba, Machel alifariki katika ajali ya ndege huko Mbuzini, ndani ya Afrika Kusini, na sababu ya ajali ile yabishaniwa hata leo. Zimbabwe ilipeleka askari kuilinda reli ya Beira, na Tanzania ilipeleka wake, ambao baadhi yao wamelala katika makaburi ya mashujaa ya Naliendele, Mtwara.

Vita vilipoisha, viliisha kwa sababu misingi yake mitatu ililegea kwa wakati mmoja. Mfadhili alidhoofika, utawala wa ubaguzi ukaanza kuvunjwa. FRELIMO katika mkutano wake wa mwaka 1989 iliacha Umarx, na katiba ya mwaka 1990 ikaruhusu vyama vingi. Na watu wenyewe walichoka. Tarehe 4 Oktoba, 1992, mjini Roma, kwa usuluhishi wa jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, Joaquim Chissano, aliyemrithi Machel katika urais, na Dhlakama walitia sahihi mkataba wa amani. Katika uchaguzi wa Oktoba 1994 RENAMO ilipata viti 112 katika bunge la viti 250. Matokeo hayo yaliwashangaza waliodhani kwamba kikosi kile hakikuwa na kitu ila bunduki za kigeni. Yaliwathibitishia wengine kwamba manung'uniko ya vijijini yalikuwa ya kweli tangu mwanzo, na kwamba yangeweza kusemwa kwa kura lau nafasi ingetolewa mapema.

Bunge la Msumbiji lilitoa msamaha kwa wote. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilieleza baadaye kwamba waathirika walio wengi wa maovu ya dola ile walikuwa nje ya mipaka yake. Walakini uchunguzi wake haukuwafikia wanyonge wa Homoine kwa namna iliyowafikia wa Soweto, na jasusi Craig Williamson alipewa msamaha mwaka 2000 kwa kuuawa kwa Ruth First.

Hukumu yangu ni hii. Dola inayomlipa muuaji ina damu mikononi sawasawa na muuaji, na damu hiyo haioshwi na umbali wala na usiri. Yapasa sheria ya mataifa imtafute mwenye hazina kwa bidii ile ile inayomtafuta mwenye panga. Nasi tulio na serikali zetu wenyewe tunalo somo la kulishika. Mpaka haulindwi na askari peke yao. Unalindwa na mkulima ambaye hakunyang'anywa shamba lake, na mzee ambaye hakudharauliwa mbele ya watoto wake, na muumini ambaye hakuzuiwa kumwabudu Mungu wake, maana watu hao, adui atakapowajia na fedha na redio, hawatakuwa na sababu ya kumsikiliza. Serikali inayotaka kuwa salama na ianze kwa kuwatendea haki walio mbali zaidi na mji mkuu wake.